Ulianza Kuchukia Lini?

Beni, 3 mwezi wa tatu

Mama mupenzi,

Jambo yako. Mugongo unaendelea namna gani? Mimi niko muzima, ni miguu tu inavimba kidogo.

Tangu basoda ba serikali banitoe pori, niko hapa kwenye centre ya bageni ba inchi ya inje. Banasema programu yabo ilirudisha kwenye njia nzuri bijana wa inchi yabo benye internet ilitia chuki katika akili, sasa bameileta kwetu. Kila juma mushauri ananiuliza: «Ulianza kuchukia lini?» Monsieur Léon anatafsiri. Nikajibu: «Nilikuwa nachimba muhogo, waasi bakanikamata, bakanibebesha mizigo yabo miaka mbili. Sikuchukia mutu.» Mushauri akasema bado siko prête, siko tayari kurudi. Benye kukubali kama balikuwa na mawazo mabaya banarudi kwabo. Mimi nabakia.

Mutoto wako, Jokébed

Butembo, 19 mwezi wa tatu

Jokébed mwanangu,

Salamu katika jina la Yesu. Mugongo uko vile vile. Usingizi ndio hakuna; pikipiki ikisimama inje, natoka kuangalia kama ni wewe. Sema tu vile banapenda, urudi. Mungu anajua moyo wako.

Ni mimi mama yako

Beni, 30 mwezi wa ine

Mama, unaamka namna gani?

Nimesema. Bakubwa balikuja na micro ya radio, nikaomba masamaha juu ya mawazo yenye sikukuwa nayo. Bakapiga makofi. Léon akasema: «Bravo, wewe ni tunda ya programu!»  Lakini bananiachilia juma hii. Unipikie sombe ya majani ya muhogo wetu.

Jokébed wako

Butembo, 2 mwezi wa tano

Mwanangu, uko muzima? Usikuje kwanza!

Radio imepitisha sauti yako. Jirani yetu Eliane, mukimbizi wa Mabalako, mwenye waasi balikamata bwana yake Lévi, alikuja mulangoni: «Kumbe mutoto wako alikuwa mumoja wabo?» Nikamwambia ni mimi nilikutuma kusema ule uongo. Akauliza: «Basi sauti si yake?»  Enda kwanza kwa mujomba wako, kule Luofu. Naogopa.

Mama yako

Beni, 3 mwezi wa tano

Mama, jambo.

Luofu siendi. Umwambie mama Eliane aningojee. Lévi, tulifungwa naye kamba moja. Homa ilimuua kwenye mvua, tukamuzika. Alinituma neno kwa muke wake, lakini sikujua atapatikana wapi. Na hapa hakuna mutu aliniuliza nilikuwa na nani kule. Balitaka mawazo tu. Kesho asubuhi naingia gari.

Mutoto wako

Butembo, 4 mwezi wa tano

Jokébed, umefika wapi? Nampa dereva wa gari ya Beni barua hii, akukute njiani.

Nilimusomea Eliane barua yako, ameikala kwetu tangu asubuhi. Hajanisalimia, hajagusa chai. Anauliza tu kama barabara iko salama leo. Kuja, mwanangu. Tuko babili benye kukungojea.

Mama