Simu Iliyoanza kwa Salamu

Dar es Salaam, 12 Mei 1974

Kaka Cornel,

Shikamoo. Mimi mzima, joto tu la huku linanisumbua. Habari za Kilosa, na mama huko Kisanga? Magoti yameacha kumuuma?

Masomo yameisha na kazi nimeipata: kulinda simu za maandishi za serikali. Maneno ya wakubwa nayageuza tarakimu, kila herufi na yake, kabla hayajapigwa, na huko kwenu wa kuyarudisha ni karani wa siri wa wilaya peke yake. Kwa hiyo wewe mpokea simu wa posta, unayejifanya kujua habari za wilaya nzima, sasa utabeba usichokijua. Kodoa macho utakavyo.

Mdogo wako,
Verdiana

Kilosa, 2 Juni 1974

Mdogo wangu Verdiana,

Marahaba. Huku hatujambo. Mama magoti yamepata nafuu, na mahindi yake yamebeba kweli mwaka huu. Anangoja yakauke shambani.

Umenichokoza, nawe wajua mimi si wa kuchokozwa. Simu zako zote zinaanza kwa tarakimu zilezile. Nami nimezaliwa nchi hii, najua mtu huanza na nini kabla ya kusema shida yake. Mengine baadaye.

Kaka yako,
Cornel

Dar es Salaam, 20 Julai 1974

Kaka,

Shikamoo. U mzima? Mimi si mzima. Barua hii nimempa mkononi Rafaeli, yule mfanyakazi wa treni, akuletee. Usiijibu kwa posta.

Malori ya kuhamishia watu kijiji kipya yalifika Kisanga yakakuta nyumba tupu. Mahindi yamevunwa, mabati yameezuliwa, watu hawapo, wala kuku wao. Siku ile ilikuwa siri, na ilipita kwenye simu yangu. Nimeagizwa nitafute tundu ilipovujia. Nikazipanga simu zote mezani, nikaliona. Wakubwa wetu hawawezi kutoa amri bila kusalimia kwanza: Ndugu, habari za kazi, natumaini hujambo pamoja na familia. Kila simu. Mtu akiikisia salamu hiyo tu, ameshapata karibu herufi zote.

Ndipo nikakumbuka barua yako.

Wanamshuku Joha, mnayepokezana naye zamu, na ana mtoto mchanga. Niambie si wewe.

Mdogo wako,
Verdiana

Kilosa, 24 Julai 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima, yuko Mikumi kwa mama mdogo Letisia pamoja na magunia yake.

Ni mimi. Nilianza kwa mchezo. Neno la kwanza nililolisoma baada ya salamu lilikuwa Kisanga. Nikaona mahindi ya mama yakiachwa yaliwe na nguruwe. Nilimwambia yeye tu, naye akamnong'oneza jirani yake Mwanakheri. Kilichofuata unakijua.

Joha hana habari na lolote. Andika jina langu.

Kaka yako,
Cornel

Dar es Salaam, 30 Julai 1974

Kaka,

Shikamoo. Sithubutu kuuliza kama hujambo.

Nimeliandika. Nisingeliandika wangemchukua Joha. Tangu hapo chakula hakishuki, na sijui nitamtazama mama kwa macho gani.

Kuanzia kesho tarakimu ni nyingine, na salamu zimepigwa marufuku kwenye simu zote. Wa kutunga tarakimu na kukagua simu ni mimi peke yangu. Hutasoma tena kitu.

Mdogo wako,
Verdiana

Kilosa, 6 Agosti 1974

Mdogo wangu,

Mimi mzima, na natumaini umeanza kula.

Simu zako za siku hizi zinakuja kavu. Nimezikodolea macho bure, umenishinda. Asubuhi hii imekuja moja yenye tarakimu za zamani: Ndugu, habari za kazi, natumaini hujambo pamoja na familia. Baada ya salamu ni jina langu, na amri kwamba askari wanichukue kesho. Treni ya Mikumi inaondoka mchana huu.

Nimekaa nayo mkononi. Wewe uliyepewa kazi ya kufunga mlango umeniachia wazi nipite. Lakini nikipita, watauliza nani alibakiza salamu, na wanajua ni nani peke yake anayetunga tarakimu. Nisipokimbia, karani ataona ni mazoea tu yamemponyoka mtu.

Nimeitia kwenye bahasha, naipeleka wilayani mwenyewe. Barua hii atakupa Rafaeli, ukishaisoma ichome. Mama mwambie wewe, taratibu.

Umeniamkia kwa tarakimu, nami sina budi kuitikia. Marahaba, Verdiana.

Kaka yako,
Cornel