Nailoni Juu ya Kadi Mpya

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemgeuza Saidi, nimebadilisha shuka, nimemlisha uji. Nimefungua studio. Yaani nimevuta pazia tu, maana tangu mume wangu augue, studio na kitanda vimo chumba kimoja. Nimewasha kompyuta. Mistari ya kijani, kisha giza. Fundi Bakari anasema ni kadi ya grafiksi, ile inayoleta picha kwenye skrini. Imekufa. Mpya ameshaiagiza Dar, inakuja na basi.

Nimechoka.

Video ya harusi ya kijijini Kitaya imo humo, sijaikata hata nusu. Ndiyo ya mwisho Saidi kupiga kwa kamera. Baadaye kiharusi. Mkono wa kulia umelala, neno halimtoki mpaka leo. Na bibi yake bibi harusi naye amefariki. Arobaini ni Jumamosi. Ndugu wanataka wamwone akicheza.

Jumanne, 5 Agosti

Kadi imefika, fundi hayupo. Yuko Masasi, binti yake anatoka unyagoni. Simlaumu, mwali hangoji kompyuta. Kwenye simu kasema, "Fungua mwenyewe, mama Zaina. Chomoa umeme, shika chuma kwanza umeme wa mwilini ukutoke, usilazimishe kitu." Miaka yote hii nimekata video, sijawahi kuona tumbo la sipiyu, lile kasha la kompyuta. Bisibisi ilikuwa mambo ya Saidi. Mimi nilikuwa nikimletea chai.

Shemeji Hamisi kapita kumjulia hali kaka yake. Kaona boksi la kadi, kasema nitaunguza hata kilichobaki. Asante kwa kunitia moyo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefungua. Vumbi la kupandia mihogo. Nimepuliza, nimekohoa. Kadi ya zamani haikutaka kutoka. Kuna kijino cha plastiki kinaibana kwa nyuma, nikakibonyeza kwa mpini wa kijiko. Ikatoka. Mpya ikaingia, ikalia ta. Skrubu moja ilidondokea ndani, nikainamisha sipiyu kama mtu anayemimina uji.

Nikawasha. Giza.

Nilikaa sakafuni nikalia. Halafu nikampigia fundi. Kumbe waya wa skrini niliurudisha kwenye tundu la bodi badala ya tundu la kadi mpya. Nikauhamisha. Picha safi kabisa. Nilimtazama Saidi nikitegemea atafurahi. Alikuwa anakwaruza hewa kwa kucha za mkono wa kushoto. Nikajua anawashwa, nikampaka mafuta ya nazi. Amenuna.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilifurahi mapema. Kompyuta inawaka vizuri ukiitazama tu. Ukiipa kazi ya kutoa video, inafika katikati inajizima. Nimejaribu mpaka nimekata tamaa. Sipiyu ya moto huwezi kuigusa. Feni ya ndani inatoa sauti ya kutafuna karatasi.

Zuhura, bibi harusi, kapiga simu. "Mama, wajomba wa ng'ambo ya mto wameshaanza kuvuka. Niwaambie video ipo?" Nikamwambia ipo. Uongo mtupu.

Saidi anakwaruza tena. Mafuta hataki, maji hataki, kugeuzwa hataki. Nimemfokea. Nimemwambia mimi ni mtu mmoja, si watu wawili. Kageukia ukutani. Naona aibu kuandika hata hapa.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi nimempa rimoti, kama njia ya kuomba radhi. Rimoti yetu bado ina nailoni ya dukani. Viti vina nailoni. Friji ina nailoni mlangoni. Hiyo ni sheria ya Saidi: hewa ya bahari ina chumvi, kitu kipya hakivuliwi nguo. Akaishika rimoti, akaikwaruza nailoni yake kwa kucha, akanikazia macho. Kisha akaonyesha sipiyu.

Ee Mola wangu. Kadi nimeiingiza na nailoni yake.

Nimefungua tena. Imejikunja, feni imeivuta ndani. Nimeibandua yote. Mwenye sheria yake ananiambia niivunje, mimi nampaka mafuta ya nazi. Nimecheka mpaka naye kacheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Kompyuta haizimi tena. Nikakaa kukata kipande cha bibi, ambacho sikuwa nimekifikia. Bibi anatoka na kanga mbili, anasita. Halafu sauti nyuma ya kamera: "Sogea hapa kwenye mwanga, bibi yangu. Hapo hapo. Usinitazame mimi, wewe cheza."

Saidi.

Sauti ya mpiga picha hukatwa. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kipanya. Nilimtazama, naye amefumba macho, machozi yanaingia sikioni. Sikukata. Video imeondoka na bodaboda baada ya Alasiri.

Jumapili, 10 Agosti

Zuhura kapiga. Wameitazama jana mpaka chaji ikaisha. Mjomba mmoja kauliza, nani huyo anayemsemesha bibi kwa adabu vile. Nikasema ni mume wangu.

Nimemgeuza, nimebadilisha shuka, nimemlisha uji. Nimetoa nailoni ya rimoti, hakupinga. Baada ya uji kanyoosha kidole kwenye skrini. Nikamwekea kipande cha bibi. Kimeisha, kidole bado kiko juu.

Nimekirudisha mwanzo.