Kontena Bovu la Jana

Jumatano, usiku

Zile funguo za bosi ndizo zilizoniudhi kuliko hata kazi yenyewe. Mfumo wa kupimia kahawa umegoma, wakulima wamejaa kwenye mizani, risiti hazitoki, na Bwana Harish amesimama nyuma ya kiti changu anachezesha funguo mfukoni. Cha, cha, cha.

Nikafungua kumbukumbu za makontena tuliyojenga siku za nyuma, nikazilinganisha. La wiki iliyopita lilikuwa zima. La jana lilijengwa vizuri tu, ila lilivuta toleo jipya la programu ya kuchapa, na printa zetu hazilielewi.

Hapo akaingia baba mdogo Aloyce kutoka kijijini kwetu Kilema. Kule mama ametangazia kanisa zima kwamba mwanawe anajenga makontena. Nikampa shikamoo bila kugeuka, Mungu anisamehe.

"Kontena la jana ni bovu," nikamwambia bosi. "Nalitupa, narudisha la wiki iliyopita."

"Usilitupe!" baba mdogo akaruka. "Naleta lori. Hata kama lina kutu, nitafungua duka."

Nikarudisha lile la wiki iliyopita, risiti zikaanza kutoka. Bwana Harish alicheka mpaka akakaa chini. Ikabidi nimweleze baba mdogo kwamba kontena letu ni programu tu, imefungashwa na vitu inavyohitaji, imo humu ndani ya kompyuta, haishikiki.

Akaitazama laptopu. Akanitazama mimi, kwa huruma kabisa, halafu akauliza kwa sauti ya chini:

"Na mama yako anajua?"