Tembo Mwenye Jicho Tumboni na Mchumba Aliyenipa Programu ya Bure

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu, na unisamehe kwa kukuletea shida ambayo nusu yake ni ya moyo na nusu ni ya kompyuta. Nimejaribu kuzitenga nimeshindwa, kwa hiyo nakupa zote mbili.

Mimi ni mchapaji wa fulana katika karakana ya shangazi yangu. Mchumba wangu ni msanifu wa picha, ameajiriwa kwenye kampuni ya matangazo, na ndiye anayetuchorea. Kazi yetu inakwenda rangi kwa rangi: kila rangi ina fremu yake ya wavu, unapitisha wino wa kijivu, unasubiri ukauke, unaleta fremu ya nyekundu, mpaka picha itimie. Kwa hiyo yeye huchora kila rangi kwenye tabaka lake ndani ya faili moja, kama karatasi angavu zilizopangwa juu kwa juu, na siku zote alikuwa akinitenganishia, kila tabaka linakuwa picha peke yake, ananiletea mwenyewe jioni akitoka kazini, anakaa kwenye kile kiti kibovu karibu na meza ya kukaushia, tunazungumza.

Mwezi huu tumepata kazi ya fulana za chekechea, tembo aliyeshika mwavuli, nikamwambia anitenganishie kama kawaida, naye akacheka akasema, "Mama, nitakumenyea ndizi mpaka lini? Shika hii ujitegemee," akanipa flashi yenye programu ya kuhariri picha, nikamuuliza kama ndiyo ile anayotumia yeye, akasema, "Hapana, ile ni ya ofisi na inalipiwa, hii ni ya bure kabisa, lakini inafungua mafaili yangu yote." Mshauri, hilo neno bure lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na shangazi, ambaye muda wote alikuwa anajifanya anakunja fulana, akangoja mwenzangu atoke akasema, "Umeona? Hajakuoa, tayari anakupa cha bure. Ukishaolewa utashibishwa harufu ya chungu cha jirani."

Hata hivyo nilijaribu. Faili lilifunguka kweli, matabaka yote nikayaona, nikanakili la kwanza nikalibandika kwenye picha mpya, nikafanya hivyo kwa yote bila kuruka hata moja, na palipobaki nafasi tupu pembeni nikaikata kwa sababu sipendi kupoteza karatasi, kisha nikazichapa, nikaweka kila picha katikati ya fremu yake, katikati kabisa, kwa rula, na fulana ya majaribio ilipotoka tembo alikuwa amevaa mwavuli kiunoni kama sketi na jicho limemtokea katikati ya tumbo. Mwalimu mkuu wa chekechea aliiinua dirishani akaniuliza, "Fundi, huyu mnyama amepatwa na nini? Watoto wangu watalia." Shangazi akasema neno moja tu: "Bure."

Nikampigia mchumba wangu kwa hasira, nikamwambia programu yake ni mbovu, amenidharau, na wajomba zake waliopanga kuja kwetu Jumamosi kuzungumzia ndoa wabaki kwao. Akasema, "Sawa, nimesikia. Lakini niambie kitu kimoja, ulizikata kingo?" Nikakata simu. Mimi namwambia mambo ya ndoa, yeye ananiuliza kingo! Tangu hapo hajapiga, dada yake ananiuliza kila siku kama wajomba wapige pasi mashati au wayarudishe kabatini, nami sijui la kumjibu. Je, niachane naye? Nimrudishie flashi yake? Na tembo nimfanyeje?

Mchapaji Niliyedharauliwa

*

Binti yangu Mchapaji,

Pole. Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia wewe, mara ya pili nikamhurumia tembo.

Kwa kuwa kompyuta si fani yangu, niliibeba barua yako mpaka kwa jamaa anayepanga kurasa za gazeti hili. Nilipofika pale pa jicho tumboni, kabla sijamaliza sentensi, akaniuliza, "Alizikata kingo?" Nikavuta kiti nikakaa. Maneno yale yale! Basi elewa kwamba mwenzio hakuwa anakukwepa. Alishaliona kosa kutoka upande wa pili wa simu, akataka kukusaidia wakati ule ule unamfukuza. Wanaume wengi ukiwaambia wajomba wabaki kwao hutafuta tusi la kukujibu. Huyu alitafuta kilichomsibu tembo. Na wewe ukamkatia simu.

Programu haina kosa. Nafasi tupu ulizozitupa ndizo zilizokuwa zinaonyesha kila umbo likae wapi. Jicho peke yake halijui kama ni la kichwani. Linajulikana tu kwa umbali wake kutoka kwenye pembe za karatasi. Ukizikata hizo pembe, kisha ukaliweka katikati kwa rula, litakaa katikati, tena kwa adabu kubwa.

Fanya hivi. Fungua faili la mchumba wako, hifadhi nakala, la asili usiliguse tena. Ongeza tabaka moja jipya, chora msalaba mdogo kwenye kila pembe. Kando ya kila tabaka utaona alama ya kijicho: zima vyote, pamoja na lile tabaka jeupe la chini, ubakize misalaba na rangi moja tu. Hiyo itoe kama picha ya PNG, karatasi nzima, usipunguze hata upana wa ukucha, uipe jina la rangi yake. Zima rangi hiyo, washa inayofuata, mpaka ziishe. Kwenye fremu achana na katikati, linganisha misalaba kwa misalaba, na wakati wa kupitisha wino izibe kwa utepe isije ikatokea kwenye fulana. Hutahitaji kumenyewa ndizi tena.

Sasa tuje kwenye hilo neno lililokukaa kooni. Ulitaka afanye nini, aiibe programu ya mwajiri wake akuletee? Leo angemwibia bosi, mwezi ujao ungeniandikia kwamba umechumbiwa na mwizi. Amekupa kitu kinachofanya kazi, kisichomwibia mtu, na akakuambia ukweli kwamba hakikumgharimu. Mwongo angekidanganyia bei. Shangazi yako mheshimu sana, msalimie, ila mwombe akikunja fulana akunje kweli.

Na sidhani kama ni bei iliyokuuma. Umeniandikia habari za kompyuta kwa urefu, lakini kiti kibovu karibu na meza ya kukaushia umekitaja kwa namna ambayo mtu hakitaji kiti. Uliogopa kwamba ukijua kutenganisha picha mwenyewe, hatakuwa na sababu ya kupita jioni. Hilo ni jambo la kuogopa, kwa hilo sikucheki. Nakucheka kwa sababu badala ya kumwambia hivyo, umewafukuza wajomba.

Flashi usirudishe. Uchumba usivunje. Dada yake mjibu leo kwamba Jumamosi iko pale pale, usimwache mtoto wa watu anahangaika na pasi. Lakini kabla ya hapo, na kabla hujagusa kompyuta, mpigie mchumba wako mwenyewe, shangazi akiwa mbali. Usianze na habari za tembo. Anza na samahani, halafu mwambie unataka apite jioni hata kama hana faili lolote la kukuletea.

Mshauri wako