Kisanduku cha Mzee Bwire

Jumanne, Igoma

Naandika haya nikiwa na hasira.

Leo ujumbe wa majaribio ulipaswa kutoka Kisesa hadi hapa, magari yakipishana barabarani na kisanduku cha mawasiliano ambacho kampuni yetu imefunga kwenye gari moja kikiurusha kwa cha jingine. Haukufika. Mzee Bwire, dereva wa hiace, alikuwa amechomoa chake.

"Binti, hiki kinanichongea kwa tajiri mwenye gari."

Nikamwapia kwamba kinabeba habari za foleni na ajali tu. Akakichomeka, na madereva wenzake waliokuwa wamechomoa vyao wakamfuata.

Jioni nikamlalamikia bosi wangu kwamba madereva hawatuamini. Akacheka. "Mbona wako sahihi? Visanduku vinawaonyesha wenye magari kila mahali madereva wanaposimama."

Kumbe mimi natumwa kuapa uongo tu!

Kesho nitamwamkia Mzee Bwire shikamoo, halafu nikichomoe kisanduku chake kwa mkono wangu mwenyewe.