Adabu ya Felista

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mgeta hatujambo. Babu yako amepanda kabichi tena ingawa tulimkataza.

Unauliza kama kifua kikuu kinaweza kumpata mtu asiyekohoa, maana hapo kliniki unamtibu kijana mwenye virusi vya Ukimwi anayelalamikia mgongo. Kinaweza.

Enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa, mdogo wangu Felista aliuza mitumba Mwembesongo. Alikuwa binti bado, ana virusi, na hakuwahi kukohoa. Ila akiokota nguo alichuchumaa, mgongo umenyooka, na wazee aliwaamkia hivyohivyo. Mama akawa ananiambia, "Muige mwenzio ana adabu."

Tulipompeleka hospitali kwa homa, daktari aliangusha funguo makusudi, akamwomba amwokotee. Felista akachuchumaa.

"Huyu hawezi kuinama," daktari alisema. "Kifua kikuu kimeingia kwenye uti wa mgongo."

Alimeza dawa mwaka mzima, akainama tena. Dawa za virusi zilipofika nchini, hazikumkuta.

Kijana wako mwangushie kitu uone. Mimi hadi leo, mtoto akinichuchumalia kuniamkia, humwambia ainame kwanza, ndipo naitikia.

Bibi yako,
Mariana