Debe la Majivu

Wambui mjukuu wangu,

Habari za Mombasa? Huku Nyeri tuko wazima, ila baridi imezidi na ng'ombe amezaa ndume tena.

Uliuliza kwa nini nilikataa picha za harusi yako zipigwe kwenye ile bustani mpya. Naona haya hata kuandika. Hapo zamani palikuwa dampo la mji. Nikiwa msichana, mama alinipeleka pale na debe la majivu, watu wadhani tunaenda kutupa taka. Tulirudi nalo limejaa viazi vya kuokota, chakula chetu cha jioni.

Juzi nilipeleka majivu ya kurutubisha miti ya hapo. Mlinzi akasema, "Asante, shosho." Nikirudi, debe lilikuwa tupu, lakini bado nililifunika kwa leso.

Cucu wako